Alumini Chakavu: Kuchambua Kwanza, Nguvu Baadaye

(Hotuba ya fundi mmoja wa magari, mwanachama wetu, aliyoitoa Buna mbele ya wafanyakazi wa karakana, madereva, mataniboi na walinzi wa mashine za visima. Imepigwa chapa hapa kwa ombi la wanachama ambao hawakuweza kufika.)



Nimeombwa niseme juu ya alumini chakavu, na jinsi inavyoweza kuyeyushwa ikafanywa kitu chenye nguvu kuliko kile ilichokuwa mwanzo. Wengine wameniuliza kabla ya mkutano: Jambo hili latuhusu nini sisi watu wa Buna? Hatuna kiwanda hapa. Tuna barabara ya kwenda Wajir na barabara ya kwenda Moyale, tuna visima na jenereta, na tuna malori yanayoingia yakinguruma na kutoka yakichechemea.

Nami nasema latuhusu sana. Kila injini inayokufa hapa huacha pistoni, silinda hedi na kifuniko cha giaboksi. Kila rejeta iliyotoboka hutupwa nyuma ya karakana. Sufuria zinatoboka, nyaya zinakatika, makopo ya soda yanazagaa kando ya hoteli. Vijana wetu huviokota vyote, wakavitia katika gunia moja, na mnunuzi akija huvipima kwa bei moja. Lori linalorudi tupu kwenda chini huvichukua. Baada ya miezi michache vinaturudia vikiwa sufuria mpya na vipuri vipya, nasi twavinunua kwa bei nyingine kabisa.

Neno langu la leo ni moja. Nguvu ya alumini iliyoyeyushwa upya huanza katika mkono wa yule anayechambua takataka, kabla moto haujawashwa. Ikiwa mtu huyo ni mjinga wa kazi yake, hata mtaalamu mkubwa hawezi kuisafisha kazi hiyo baadaye. Na ikiwa ni mjuzi, basi ujuzi wake una bei, na bei hiyo ni haki yake kuidai.

ALUMINI ILITOKA WAPI

Alumini haichimbwi ikiwa alumini. Huchimbwa udongo mwekundu uitwao boksiti, ambao Guinea kule Afrika ya Magharibi inao mwingi sana. Udongo huo husafishwa ukawa unga mweupe, kisha unga hupitishwa umeme mkali mpaka alumini ikajitenga. Njia hii iligunduliwa mwaka 1886 na watu wawili, Hall wa Marekani na Héroult wa Ufaransa, kila mmoja kwake, bila kujuana. Kabla ya hapo alumini ilikuwa kitu cha wafalme.

Umeme huo ni mwingi mno. Kupata kilo 1 ya alumini mpya huhitaji kiasi cha yuniti 14 au 15. Wenye mita nyumbani wanajua yuniti 15 zingewatosha siku ngapi. Ndiyo maana viwanda vya kuitoa alumini kwenye unga hujengwa penye umeme mwingi, kama Tema nchini Ghana tangu mwaka 1967, na karibu na Maputo nchini Msumbiji tangu mwaka 2000. Hapa kwetu Kenya hakuna kiwanda cha namna hiyo. Viwanda tulivyo navyo hutengeneza mabati na sufuria kutokana na alumini ambayo tayari imekwisha kutolewa kwenye udongo.

Sasa sikilizeni hesabu hii. Kuyeyusha alumini ya zamani huhitaji kama asilimia 5 tu ya nguvu inayotumika kutoa alumini mpya. Maana yake ni kwamba gunia lile la kijana wetu lina umeme ndani yake, uliokwisha kulipwa na mtu mwingine zamani. Anayeuza gunia hilo kwa bei ya takataka anatoa mali bure.

Kwa nini basi alumini chakavu hudharauliwa? Kwa sababu haijulikani ina nini. Alumini tupu ni laini. Waya wa alumini waweza kuukunja kwa vidole. Ili ifanye kazi ngumu, viwandani huchanganywa na vitu vingine: silikoni, magnesi, shaba, zinki. Pistoni ina silikoni nyingi, mara nyingi kama sehemu 12 katika 100, ili isitanuke ovyo injini ikipata moto. Kopo la soda lina magnesi, na kifuniko chake kina magnesi nyingi kuliko tumbo lake. Fremu ya dirisha ina magnesi kidogo na silikoni kidogo. Ukizitupa zote katika chungu kimoja, hupati pistoni wala kopo wala dirisha. Hupata kitu kisicho na jina.

Na adui mkubwa kuliko wote ni chuma cha kawaida. Bolti moja iliyosahauliwa ndani ya silinda hedi huyeyuka polepole katika alumini, na ikipoa hutengeneza vijiti vidogo vyembamba kama sindano, visivyoonekana kwa macho. Sindano hizo huikata alumini kutoka ndani. Kipuri huonekana kizuri, chang'aa, lakini ukikigonga huvunjika kama biskuti. Na chuma kikishaingia hakitoki kwa urahisi; mafundi wengi hulazimika kuongeza alumini safi ili kupunguza ukali wake, na alumini safi ni ghali.

MSETO

Sasa nije kwenye jambo mliloniitia. Wataalamu wanasema alumini chakavu yaweza kutiwa nguvu kwa kuchanganywa na unga wa kitu kigumu. Kitu hicho kipya nitakiita alumini ya mseto, na jina hilo nimelichukua jikoni.

Ukitia maziwa katika chai, huwezi tena kusema hapa ni chai na hapa ni maziwa. Vimekuwa kitu kimoja. Ndivyo silikoni au shaba inavyofanya ndani ya alumini iliyoyeyuka. Lakini ukipika mseto wa mchele na choroko, mchele unabaki mchele na choroko inabaki choroko. Unaviona, ila unavila pamoja. Alumini ya mseto ni hivyo. Alumini ndiyo mchele, na ndani yake zimetawanyika chembe za kitu kigumu ambazo hazikuyeyuka. Nyumba ya udongo tunaijua: udongo peke yake hupasuka, fito peke yake hazizuii upepo, lakini vikishikana ukuta husimama.

Chembe zinazotumika zaidi ni silikoni kabaidi, ambayo nyote mmeishika bila kujua jina lake, kwa maana ndiyo iliyomo katika baadhi ya karatasi za msasa na mawe ya kusagia vyuma. Nyingine ni oksidi ya alumini, ambayo pia hutumika katika mawe ya kunolea. Kilo 100 za mseto zaweza kuwa na kilo 5, 10 au 15 za unga huo. Chembe hizi huzuia alumini isilike inaposuguliwa, na isilegee haraka inapopata moto, huku uzito wake ukibaki mdogo. Kumbukeni kwamba alumini ina uzito kama theluthi moja tu ya chuma cha ukubwa ule ule.

Haya si maneno ya ndotoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Toyota ilianza kutengeneza pistoni za dizeli zilizotiwa nyuzi ngumu za namna hii pale penye mfereji wa ringi, mahali ambapo pistoni ya kawaida hulika. Kampuni ya Honda nayo ilifanya hivyo katika kuta za silinda za gari lake la Prelude. Ndege za Marekani zilizokwenda angani na kurudi zilikuwa na mabomba ya alumini iliyoimarishwa kwa nyuzi za boroni.

Hao walianza na alumini safi na unga wa bei kubwa. Lakini wako Waafrika walioanza na kile walicho nacho. Huko Nigeria, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Akure wamejaribu majivu ya makapi ya mpunga. Makapi yakichomwa vizuri, majivu yake huwa karibu yote ni silika, kitu kile kile kilicho katika mchanga mweupe. Waliona kwamba ukichanganya majivu hayo na unga wa viwandani, nguvu hupungua kidogo kuliko ukitumia unga wa viwandani peke yake, lakini uzito unapungua na gharama inapungua. Sisi Kenya tuna makapi ya mpunga Mwea na Ahero, malundo kwa malundo.

Na ipo njia nyingine, mpya zaidi. Mwaka 2024 wataalamu wa maabara moja ya serikali ya Marekani, katika jimbo la Washington, walieleza jinsi walivyochukua vipande vya alumini chakavu, wakavichanganya na shaba, zinki na magnesi, kisha wakavisukuma katika kalibu inayozunguka kwa nguvu. Hawakuyeyusha chochote. Msuguano peke yake uliviunganisha katika dakika chache, vikatoka vikiwa na nguvu nyingi kuliko alumini ile walivyoanza nayo. Kusema kweli hiyo ni chai ya maziwa zaidi kuliko mseto, lakini shabaha ni ile ile: kitu kilichotupwa kirudi kikiwa bora. Nawaomba mwangalie jambo moja. Hata wao walianza na alumini waliyoijua ni ya namna gani. Hawakuanza na gunia la mchanganyiko.

KAZI YENYEWE INAVYOFANYWA

Wenzetu wa Kariobangi mjini Nairobi husubu alumini kila siku. Kwa hiyo nitaeleza kazi ya mseto kama mtu anayezungumza na mafundi.

Alumini huyeyuka kwenye digrii 660. Hupashwa moto hadi 700 na kitu, taka ya juu ikaenguliwa. Kisha hutiwa magnesi kidogo, kama sehemu 1 katika 100. Kwa nini? Kwa sababu alumini iliyoyeyuka haipendi kushikana na unga. Huukataa kama jani la mgomba linavyokataa maji. Magnesi huifanya ikubali.

Wakati huo unga nao hupashwa moto peke yake, uwe mkavu kabisa. Kisha alumini hukorogwa kwa mwiko wa chuma uliopakwa udongo wa kuvumilia moto, ikorogwe mpaka ifanye shimo katikati kama maji yanapozunguka, na unga hunyunyizwa humo kidogo kidogo. Ukiutia kwa haraka hufanya madonge. Ukikoroga kwa fujo unaingiza hewa, na kipuri hutoka na matundu kama mkate. Ukiacha kukoroga mapema, unga hushuka chini. Kisha humiminwa mara moja katika kalibu iliyo kavu.

Kuna siri moja inayotuhusu sisi wa karakana. Silikoni kabaidi ikikaa katika alumini yenye moto mkali huanza kuliwa, na hutokea kitu kingine kibaya ambacho baadaye kikipata maji huoza na kukiharibu kipuri. Dawa ya jambo hilo ni silikoni: alumini yenye silikoni nyingi huzuia ulaji huo. Na alumini yenye silikoni nyingi ni ipi? Ni pistoni na silinda hedi. Yaani kile kitu kilicho kingi zaidi katika jaa la karakana zetu ndicho kinachofaa zaidi kwa kazi hii, ilimradi hakikuchanganywa na waya, makopo na bolti.

Nisiwafiche upande wa pili. Alumini ya mseto ni ngumu kuitengeneza baada ya kusubiwa. Tupa ya kawaida hulika, kisu cha leithi hulika, kwa maana unakata jiwe la kunolea. Tena si ya kukunja. Hukubali kugandamizwa lakini ikipigwa ghafla huvunjika upesi kuliko alumini ya kawaida. Na ikichakaa, ni vigumu kuutoa unga ndani yake. Kwa hiyo kipuri cha mseto yafaa kitiwe alama, ili kijana atakayekichambua miaka kumi ijayo akiweke mbali. Na mtu asidanganyike kwamba chungu cha uani kitatoa kipuri cha breki au cha usukani. Kipuri cha namna hiyo hakina budi kupimwa kwa mashine. Mseto wa mkono ufanye kwanza kazi ambazo zikishindwa hazimwui mtu: puli, bushi, kikanyagio, kifuniko.

KUCHAMBUA

Sasa nifundishe kile ambacho mtu aweza kuanza kesho hapa Buna, bila tanuri na bila leithi.

Kwanza, sumaku. Spika mbovu ya redio inayo. Kila kipande kipitishwe sumaku. Kikivutwa kina chuma. Ng'oa bolti, ringi, bushi na pini. Pini ya pistoni ni chuma, itoke. Waya mkubwa wa umeme mara nyingi una uzi wa chuma katikati, nao utolewe.

Pili, malundo. Lundo la kwanza ni nyaya na sufuria za bati lililofuliwa. Hii ni alumini laini iliyo karibu na safi. Lundo la pili ni fremu za madirisha na milango. Lundo la tatu ni makopo, yakandamizwe yawe matofali, kwa sababu kopo jembamba likitupwa motoni huungua likawa taka tupu kabla halijayeyuka. Lundo la nne ni pistoni, silinda hedi na vifuniko vya giaboksi. Lundo la tano ni rejeta na kila kilichoungwa na shaba au kisichojulikana. Hili likae mbali na yote.

Tatu, jaribu kwa macho. Kilichosubiwa kikivunjwa huonyesha punje kama sukari. Bati hukunjika kabla halijavunjika. Na kikiwa chepesi kupita kiasi, chepesi kuliko alumini yenyewe, huenda ni magnesi. Futa mahali padogo kwa tupa, tia tone la siki. Kikitoa povu, ni magnesi. Usikipeleke motoni kamwe. Magnesi ikishika moto huwaka kwa mwanga mweupe unaoharibu macho, na ukiimwagia maji huwaka zaidi. Huzimwa kwa mchanga mkavu.

Nne, osha grisi na oili, toa rangi na plastiki kwa kukwangua. Msichome katikati ya mji. Moshi ule huingia kwa watoto wenu kwanza.

MAISHA YA MFANYAKAZI

Ndugu zangu, bei si kitu mbele ya macho na mapafu. Alumini iliyoyeyuka ikikuta unyevu, maji hugeuka mvuke kwa ghafla na kuirusha alumini mpaka darini. Tone la jasho haliui, lakini kopo lenye maji ndani, kalibu mbichi, au kipande kilichonyeshewa na mvua chaweza kumpofusha mtu. Kila kitu kikauke kando ya moto kabla ya kutiwa chunguni. Mtu avae miwani, glavu za ngozi na viatu vilivyofunika mguu. Asivae kandambili wala nguo za nailoni. Unga wa mseto nao ni mwembamba sana na ukivutwa miaka mingi huharibu mapafu, hasa majivu yenye silika. Mdomo na pua vifunikwe vizuri, na unga usimwagwe penye upepo.

Tena msipeleke kwenye chungu kitu chochote kilichookotwa porini ambacho hamkijui. Mwaka 1940 vita vya Waitaliano na Waingereza vilifika mpaka hapa Buna, na kaskazini yetu imeona vita vingine tangu hapo. Kitu cha mviringo chenye kutu chaweza kuwa bomba la maji, na chaweza kuwa bomu. Kiacheni mahali pake, wekeni alama ya mawe kwa mbali, wafukuzeni watoto, mkawaarifu polisi.

Na jambo la sufuria. Msisubu sufuria kutokana na vipuri vya injini. Mwaka 2017 wataalamu walitangaza matokeo ya kupima vyombo 42 vya alumini kutoka nchi 10, Kenya na Tanzania zikiwamo. Baadhi yake vilitoa madini ya risasi. Risasi huharibu akili ya mtoto, na hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama. Lundo la nne litengeneze puli na vipuri, lisiingie jikoni.

SHERIA

Iko Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015. Mwenye kununua na kuuza hana budi kuwa na leseni na daftari. Mnakumbuka Januari 2022, minara ya umeme ya njia ya kutoka Kiambere kwenda Embakasi ilipoanguka na sehemu kubwa ya nchi ikaingia gizani. Uharibifu wa wezi wa vyuma ukatajwa, na tarehe 20 ya mwezi huo Rais Uhuru Kenyatta akapiga marufuku biashara yote ya vyuma chakavu. Marufuku hiyo iliondolewa kuanzia tarehe 1 Mei 2022. Katika miezi ile, wezi wachache waliwanyima chakula waokotaji wengi waliokuwa hawana hatia. Kwa hiyo waya wa umeme, pampu ya kisima na alama ya barabara visiguswe. Anayeiba pampu ya kisima cha Buna amewaibia ngamia na watoto, na amewaibia wenzake kazi.

Kwa upande wa mwajiri, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka huo huo yamtaka alipe mtu akiumia kazini. Na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanyakazi haki ya malipo yanayostahili na haki ya kujiunga na chama. Mtu akiumia, aseme siku ile ile, na shahidi aandikwe jina. Usiende nyumbani ukinyamaza kwa kuogopa kumuudhi tajiri.

TUFANYE NINI

Nimeona kwa macho yangu mnunuzi mmoja akipima gunia la pistoni tupu, safi, zisizo na pini, kwa bei ile ile ya gunia la rejeta na takataka. Kijana aliyezichambua alifanya kazi ya siku mbili. Alipouliza, akaambiwa, "Alumini ni alumini." Sasa mmesikia kwamba hilo si kweli. Yule mnunuzi alijua si kweli. Kule aendako naye huuza kila namna kwa bei yake. Tofauti ya bei hizo mbili ndiyo jasho la kijana wetu.

Mtu mmoja akikataa bei, mnunuzi atakwenda kwa jirani yake. Lakini tukiwa na mizani yetu na malundo yetu, atakuja kwetu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kwa hiyo naomba mkutano huu ukubali mambo manne.

Kwanza, chama kiwe na mizani yake hapa Buna, iliyopimwa na kugongwa muhuri na maofisa wa vipimo, na kila gunia lipimwe hapo kabla ya kuuzwa.

Pili, tuuze kwa malundo, kila lundo kwa bei yake, na bei hizo ziandikwe ubaoni. Kabla ya kuandikwa, wenzetu madereva waendao Isiolo na Nairobi watuletee habari za bei za huko.

Tatu, tuuze kwa mwenye leseni tu, naye atie sahihi katika daftari letu kama sisi tunavyotia katika lake.

Nne, vijana wawili wachaguliwe na kupelekwa kujifunza kusubu, katika chuo cha ufundi au kwa mafundi wa Kariobangi. Wakirudi waanze na puli na bushi za mashine za visima vyetu. Kazi ya mseto watajifunza baada ya hapo, na wajaribu pamoja na walimu wa chuo wenye mashine za kupimia.

Sisemi tutajenga kiwanda mwakani. Nasema kwamba hata kiwanda kikijengwa mahali pengine, kitahitaji pistoni zilizochambuliwa, na mtu anayejua kuzichambua. Mtu huyo yuko hapa. Leo analipwa kama mbeba takataka. Ajue anachokishika, akiite kwa jina lake, akipime kwa mizani yake, kisha tuone kama mnunuzi atathubutu tena kumwambia kwamba alumini ni alumini.

Ndugu Mwenyekiti, nimemaliza. Pistoni nilizokuja nazo ziko hapa mezani, mbili nzuri na moja yenye chuma ndani. Mwenye nyundo na aje aone jinsi zinavyovunjika.